Fundi Mizani

Kazi yangu ni springi, kulabu na mshale.
Nyuma ya soko la Mbuyuni, jirani na wauza magunia,
mizani za nusu ya wilaya hulala mezani pangu
vifua wazi, kama wagonjwa wa Mawenzi.

Mwanangu mkubwa, yule aliyesoma,
anasema bei hujitokea yenyewe,
kama ukungu unavyoshuka toka Kibo bila kutumwa na mtu.
Nikamwambia, shika hapa. Unaiona risasi hii?
Muhuri mdogo kuliko punje ya mtama.
Kaupiga mtu wa Vipimo, mwenye kofia na mshahara.
Ung'oe, kisha nenda kauze nyama kwa mizani hiyo.
Wakikuzunguka wateja na visu vyako mwenyewe,
uite ukungu uje ukutetee.

Sisemi serikali ni mama. Nilikuwepo.
Enzi hizo bei ilikuja kwa redio, moja tu,
ya Kidia na ya Bukoba, ya kiangazi na ya masika.
Dada yangu Aikaeli alishusha kichwani
kilo themanini na mbili za kahawa ya maganda, kwa safari tatu,
akapewa karatasi.
Malipo ya pili aliyangoja
mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni
akateremka kwa miguu yake kwenda kuyaulizia.
Na kung'oa mkahawa lilikuwa kosa:
bwana shamba alipita akihesabu mashina
kama anayehesabu ng'ombe aliowapa watu wamlishie.
"Hilo soko liko wapi," Aikaeli aliniuliza,
"nikauze angalau hasira?"

Likaja.
Lilikuja asubuhi ya Oktoba na pikapu tatu,
vijana wa kuchangamka, noti zinanukia gundi,
mizani zao wenyewe zikining'inia kwenye boriti.
Saa nne bei ilikuwa kicheko.
Saa nane, tabasamu.
Saa kumi walikuwa wameketi pamoja kwa mama Ndeonansia,
soda tatu, meza moja,
na walipoinuka bei ilikuwa imeshakaa chini.
"Na serikali nayo iko wapi?" akauliza dada yangu,
maana mtu wa Vipimo hakuwa na mafuta ya pikipiki.

Jioni mmoja wao akanifuata,
akalaza noti mbili juu ya meza.
"Fundi, legeza kidogo. Kilo mbili tu kwa gunia."
Maneno hayo nilikuwa nayajua.
Yule wa bodi aliyatamka vilevile miaka ya nyuma,
ila yeye alivaa tai.

Yule wa tai nilimkataa.
Huyu wa pikapu msiniulize.
Karo ya mwanangu mkubwa ilikuwa na wiki tatu haijalipwa,
naye leo ananieleza, kwa Kiswahili safi cha chuo,
kwamba bei hujitokea yenyewe.
Mkiona mstari umepungua mizani
ni zile mbili.

Siku hizi Aikaeli anauza parachichi.
Mnunuzi ana mizani ya namba nyekundu,
chama kimefufuka na mizani yake ya bluu,
na diwani ameahidi nyingine, ya kijiji.
Yeye ana jiwe.
Aliliokota kwenye mfongo,
mfereji ambao ukoo wetu unauzibua kwa zamu
tangu kabla ya redio na kabla ya pikapu,
na asiyekwenda zamu hunyimwa maji, basi.
Jiwe lile ni kilo tano, analijua kama uzito wa mwanawe.
Yeyote ajaye, wa namba, wa bluu, wa ahadi,
humwambia: "Kwanza hili."

Jumanne alishuka mjini, akaingia kibandani kwangu,
hakuketi.
Akafungua kanga, akalitoa,
akaliweka kwenye mizani niliyokuwa nimeimaliza.
Mshale ukatetemeka, ukapanda.
Mimi nilitazama mikono yangu.
Yeye alitazama mshale.