Nakala ya Kaboni

Miaka thelathini na mmoja nimempigia chapa Profesa Kagaba
na hadi leo sijui hadithi zake zinaishaje.
Kiingereza changu kiliishia vidoleni.
Jicho lilichukua herufi, mkono ukaitua,
kichwa kikabaki Bombo, kwenye sufuria ya maharage.

Yeye alitoka Kabarole na viatu vya kuazima.
Wenzake walirudi Ulaya na magari;
yeye alirudi na masanduku mawili ya vitabu
na kikohozi.

Jumatatu moja alimuua mwanamke, ukurasa wa mia na tisa.
Alhamisi akaja ofisini macho mekundu:
"Kaltuma, hajafa."
Nikapiga upya kurasa arobaini.
Ufufuo una gharama zake,
na karatasi mwaka ule zilikuwa za magendo.

Mshahara wa mwezi: mkungu mmoja wa ndizi, na nauli ya kuubeba.
Akafuga sungura kwenye banda la gari.
Alifundisha riwaya huku koti likinuka majani na mkojo,
wanafunzi wakambandika jina, Profesa Sungura,
naye akalitia kitabuni.
Hilo nalijua, maana neno lile aliliandika kwa Kiswahili,
peke yake katikati ya Kiingereza chote,
kama mgeni asiyepewa kiti.

Kisha ikaja ile jioni ya panda gari.
Alikuwa ananisindikiza, gari lake bovu, njia ya Bombo,
mswada mapajani mwangu, kurasa mia tatu na kumi na mbili.
Kizuizi. Tochi. "Hii karatasi yote ya nini?"
Mtu mwenye kamusi nzima kichwani
akawa bubu.
Kiswahili kwake kilikuwa kitako cha bunduki;
kwangu kilikuwa baba yangu, koplo, akiomba chumvi mezani.
"Afande," nikasema, "mitihani ya watoto hii.
Wameanguka wote."
Askari akacheka mpaka tochi ikatikisika.
"Hata mimi nilianguka. Piteni."

Hatukuongea hadi Kawempe.
Hapo akaomba maji.

Kitabu kilitoka, jalada lake la kijani.
Kwa mama yangu, kwa mke wangu, kwa milima ya kwetu.
Nilipiga chapa ukurasa huo pia, bila kosa.
Mimi ninayo nakala ya kaboni, chini ya godoro,
herufi zake zimefifia rangi ya mshipa.

Walipomstaafisha wakampa saa ya ukutani.
Miezi mitatu baadaye bodaboda ikasimama mlangoni kwangu,
akashuka, kofia mkononi,
na daftari la shule, kurasa arobaini na nane.
"Nifundishe," alisema,
akakaa kwenye mkeka kama mtoto aliyechelewa kuandikishwa.

Alisumbua kuliko wajukuu.
"Kitabu kina kurasa. Kijana ana nguvu.
Vyote vinaanza na *ki*. Kwa nini huyu *ana* na kile *kina*?"
"Kijana ni mtu, Profesa."
"Na kitabu?"
Nikamwongezea sukari.

Jana ameniletea insha yake ya kwanza.
Mwandiko umetambaa, jicho moja lina mtoto wa jicho.
*Askari aliuliza. Kaltuma alisema uongo mzuri.
Mimi niliogopa sana.
Karatasi walipita salama.*

Walipita.
Nilikuwa na kalamu nyekundu, ileile ya kwake,
aliyoniachia siku ya mwisho ofisini.
Niliishikilia juu ya neno lile
mpaka chai ikaota utando.

"Endelea ukurasa wa pili," nikamwambia,
"na uache nafasi pembeni."