Herufi Nne

Maneno kumi na mawili nimeyapanga ubaoni
kwa mkono uliovaa glavu:
chanzo, matokeo, sera, ushahidi, mwendelezo,
na la sita, uhamisho,
limesimama kama mgeni mlangoni
asiyejua avue viatu au asivue.

Ushtobe, Januari. Bomba la joto limekufa tangu Jumanne,
vioo vimeota barafu kwa ndani.
Darasa linakariri,
na kila fasili inatoka kinywani na moshi wake:
*uhamisho ni kitendo cha dola kuwaondoa watu makwao.*
Wameimeza kama kidonge, hawakutafuna.
"Mwalimu," anauliza Daulet, "hili litatoka kwenye mtihani?"
Hutoka. Kila mwaka hutoka.

Basi tungeni sentensi.
Inna Khegai, dawati la nyuma,
kalamu ameitafuna mpaka utumbo wake wa wino, anasoma:
*Bibi yangu alihama mwaka 1937.*

Naiandika ubaoni kama alivyoisema,
ila baada ya *m* naacha pengo
la vidole viwili.
"Nani ameona kilichopotea hapa?"
Kimya. Mtu anakohoa.
Nazichomeka moja moja: *i, s, h, w.*

Herufi nne tu,
na behewa zima likaingia ndani ya kitenzi:
mlango wa kuburuta, ndoo nyuma ya shuka,
mwezi mzima wa reli,
askari anayehesabu vichwa kwa penseli.

*Alihamishwa.* Na nani?
Kauli hii, nawaambia, ina tabia ya kuficha watu.
Mtafuteni mtenda.
Sholpan anampata kwenye neno la tatu: "Sera, mwalimu."
Halafu anasita. "Lakini sera haina mikono."
Basi andika waliokuwa na mikono.

Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona fundi.

Kesho yake Inna alikuja na kitu ndani ya gazeti:
kifuniko cha sufuria, chuma cheusi,
kirungu chake cha mbao kimeungua upande.
"Bibi alikuwa na miaka sita. Alikishika njia nzima.
Na anasema ile sentensi yako si yake.
Yeye husema *tulipokuja*.
Maisha yake yote, *tulipokuja*.
Nimsahihishe?"

Nina cheti cha ualimu. Nina kalamu nyekundu.
Mama yangu naye alikuwa akisema *tulipokuja*,
nami nilimsahihisha,
nikiwa na miaka kumi na saba, neno jipya likiniwasha ulimini,
mezani, mbele ya wageni.
Aliinamia supu yake.
Hakusimulia tena, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Inna alikuwa bado amesimama.

Sikumjibu. Nilichora ubaoni alama za usemi,
za kufungua na za kufunga, kubwa kama vikombe,
katikati nikaacha peupe.
Humu ndani, nikasema, ni mwa bibi.
Asiingie mtu na kalamu.
Huku nje ni kwako,
na huku nje ndiko utakakoandika *alihamishwa*,
ukamtaja aliyehamisha.

Kifuniko kikapita dawati hadi dawati.
Neno la nne likapata uzito,
likapata baridi yake, likaacha masizi vidoleni.
Wengine walikinusa.
Kikamfikia Daulet, yule wa mtihani.
Akakigeuza, akakigonga kwa kucha, akasikiliza.
"Na sufuria?"

Inna hajui. Bibi hajui.
Niliigeukia orodha yangu, moja hadi kumi na mbili,
nikashuka nayo, nikapanda nayo.

Nikamwambia aliandike swali hilo
kwenye mstari wake peke yake,
na ile alama ya kuuliza
aikoleze.