Mwanga

Umeme ulikatika saa mbili na robo. Mahuta ikanyamaza
isipokuwa mashine ya kusaga ya Hokororo, inayokula dizeli,
na Somoe, kitanda namba mbili, akiuma pindo la kanga.
"Na gesi inatoka huku huku kwetu," alisema dereva Chinguile,
akatumulikia kwa simu, kisha akakumbuka adabu, akatoka.

Remedios, mkunga wa Kihispania, ana miezi minne nasi
na daftari lililojaa malalamiko:
kwamba ziwa ni la kuvuka kwa mashua
na ziwa hilo hilo ananyonya mtoto;
kwamba uchungu ni wa mwarobaini na ni wa uzazi.
"Halafu chungu! Mnapikia, mnakanyaga, mnatema!"
Nikamwambia, haya, tutajie na ya kwenu.

Akataja, huku akimpapasa Somoe tumbo.
Kwao *gato* ni paka, na *gato* ni jeki.
Nje ya dirisha Chinguile akacheka peke yake:
kumbe ndiyo maana, gurudumu lilipopasuka Nanhyanga,
mama huyu alisisitiza paka,
naye, kwa heshima, alikwenda kuazima paka kwa watu.

Akataja *esposas*: ni wake, wake wa ndoa.
Na *esposas* ni zile za polisi, za mikononi.
Hapo Bi Siwajibu, mama yake Somoe,
aliyepewa jina la kutojibu na hajaacha kujibu tangu azaliwe,
akajiinua kidogo juu ya ndoo aliyoigeuza kiti.
"Pingu za maisha," akasema. "Nimezivaa mara tatu.
Za kwanza, funguo alivuka nazo Msumbiji.
Hao watu wa kwenu wana akili."

Somoe akacheka katikati ya uchungu,
na kicheko kikasukuma.
Chuoni hawakutufundisha hilo.

Saa tano kasoro dakika saba. Wa kike. Kilo tatu na kidogo.
Hakulia. Tukamsugua mgongo, tukahesabu,
mimi kwa lugha yangu, Remedios kwa yake.
Mimi sita, yeye *seis*, na hapo hapo
akalia kama aliyetukanwa.

Ndipo Remedios, macho yamemlowa, akasimama wima
akatafsiri msemo wa kwao wa kuzaa, neno kwa neno:
"Mama amempa mwanga mtoto!"

Hata mashine ya Hokororo ilizima.

"Amempa nani?"
"Mwanga."
"Mjukuu wangu? Usiku huu? Mwanga yupi, wa kwa nani?"
Akamnyakua mtoto, akamfunika uso,
akakagua dari, akakagua mlango, akakagua dirisha,
ambako Chinguile, na tochi yake chini ya kidevu,
hakuwa amechagua vizuri pa kusimama.

Nikaeleza. Nikarudia kwa Kimakonde.
Mwanga huu, Bi, siyo mwanga huyu.
Huu wa kuonea, siyo yule wa kuonwa
akizunguka nyumba za watu bila nguo.
"Basi angesema taa."
Nikamkumbuka taa yule wa sokoni Mtwara, mwiba mkiani,
nikaona heri ninyamaze.

Nimejaza rejesta kwa mshumaa. Kujifungua: kwa kawaida.
Remedios akachungulia begani kwangu, akaligawa lile neno kwa kidole:
kujifungua. "Na aliyemfunga ni nani?"
Mimi sikuwa na jibu. Bi Siwajibu alikuwa nalo.
Alilitoa. Chinguile alikohoa mpaka getini.

Umeme ulirudi alfajiri, ghafla, wodi nzima ikasema aah.
Sehemu ya jina la mtoto bado ni mstari mtupu.
Bi Siwajibu amesinzia juu ya ndoo, mzigo wake kifuani.
Alifumbua jicho moja, akaitazama ile balbu
muda mrefu, kama mtu anayetambua sura,
kisha akaivuta kanga, akamfunika.