Hesabu ya Penseli

Baba yangu, Verlon Teague, aliingia mbio mia tatu na kumi na mbili
na hakushinda hata moja.
Nalisema mapema usije ukakaa ukingoja.

Gari namba sitini na nane, rangi ya haradali,
ubavuni jina la duka la chakula cha kuku
lililomlipa kwa magunia.
Injini alizinunua kwa matajiri walipokwisha kuzichosha,
matairi aliyaokota nyuma ya mahema yao
yakingali na joto la mbio za mwingine.
Jumatatu hadi Ijumaa alitengeneza matrekta ya watu,
kisha tukafunga trela, tukashika njia:
Virginia, Tennessee, Georgia,
mama kwenye usukani, baba amelala kiti cha nyuma,
mikono ya grisi kifuani
kama maiti aliyesahauliwa kuoshwa.

Wa kumi na nane. Wa ishirini na moja. Wa kumi na tano.
Wa ishirini na sita, gia imekatika.
Wa thelathini, moto.
Mwaka wa mbavu tatu hauna tarakimu,
una bili ya hospitali.

Walimpenda, hilo kweli.
Vijana wenye majina makubwa walimfuata kumuuliza
ukuta wa kona ya tatu unauma wapi.
Akawaonyesha. Wakashinda.
Mama akasema, Verlon, wewe ni jiwe la kunolea,
visu vya wenzako vinakata, wewe unalika.
Baba akacheka, akaomba apewe chumvi.

Siku zile kila gari lilikuja na mhesabu wake.
Mama alikaa juu ya jukwaa la mbao na saa na penseli;
kila sitini na nane ikipita, aliandika dakika na sekunde,
mizunguko mia tatu, mstari chini ya mstari,
unga wa mpira ukimnyeshea nywele.

Agosti ya sabini na nane, uwanja wa Tarver, Karolina ya Kusini.
Lami ilikuwa inatoa jasho.
Injini za matajiri zikapasuka, moja, nyingine, nyingine tena,
na lile gari la haradali, lililozoea kuwa mkia,
likajikuta limeota kichwa.
Bendera ya mirabamraba ikapepea, lakini kwa mwenzake.
Wa pili, wakatangaza, nyuma kwa mzunguko mmoja.
Karatasi ya mama ikasema mzunguko huo upo,
na kwamba yeye ndiye aliyetangulia kumaliza.

Akashuka nazo mkononi. Wasimamizi wakazitazama
kama kuponi iliyopitwa na tarehe.
Baba, uso masizi matupu
isipokuwa pale miwani ilipokaa, akamshika kiwiko:
Ardith, twende. Jumatatu Buell anataka trekta lake.

Miaka arobaini tumeishi kwa dhuluma hiyo.
Kila Krismasi wajomba walipiga meza, wakataja uwanja,
wakataja majina ya wasimamizi, na majina ya mama zao.
Baba aliangalia sahani yake.
Mimi nikidhani ni uchungu.

Jana, wiki ya tatu tangu tumzike,
mama alishusha sanduku la viatu kutoka kabatini.
Ana miaka themanini na mitatu, kidole hakitetemeki.
Akakiweka kwenye mstari wa mia moja themanini na saba.
Penseli pale ni nyepesi.

Hapa ulikuwa unalia, akasema.
Niliinama kukupa chupa. Nilipoinua kichwa, moshi tu.
Nilisikia mngurumo wake, au nilitaka kuusikia.
Nikaandika.

Nikamuuliza: na yeye, alijua?

Nilimwambia usiku uleule, garini,
tulipokaribia mpaka wa jimbo.
Akanyamaza maili mbili hivi.
Halafu akauliza kama ulishiba.