Umekula Nini Leo?

Mzani wangu uko chini ya rafu ya dawa za kikohozi,
umeelekea mlango, na mlango umeelekea reli ya Butere.
Rasoa Andayi alivua viatu kama anayeingia mahali patakatifu,
akavua na kitambaa cha kichwani,
pochi akaiweka juu ya kaunta,
akasema: hivi vyote visinisingizie.
Kilo tisini na nne.
Akacheka hadi mzani ukapoteza hesabu,
tukaanza upya.

Nikamwekea programu kwenye simu,
ile niliyofunzwa Kisumu siku mbili, nikapewa na cheti.
Kila jioni, saa moja, ingemwita kwa jina
na kumuuliza: Umekula nini leo?

Ilijua mengi, programu hiyo.
Ilijua jibini. Ilijua mkate wa aina saba.
Mrenda haikuujua.
Omena, ikauliza: vipande vingapi?
Rasoa akanigeukia: daktari
(mimi mfamasia, nimechoka kukana),
kwani omena huhesabiwa?

Basi Jumatano moja, mvua imefunga soko la Luanda,
tukakaa tukaifundisha:
saga, mitoo, seveve,
mrenda uliolainishwa kwa majivu ya maganda ya maharagwe.
Ugali tukaupima kwa ngumi,
ngumi yake, si ya marehemu mumewe.

Wiki ya tatu, tisini na moja.
Ya sita, themanini na nane.
Mstari kwenye kioo uliteremka kama njia ya kwenda kisimani.
Programu ikampa nyota ya kijani,
ikampa na makofi, vile viganja vya manjano
vinavyopiga bila sauti.
Nami nikapiga ya kweli, Mungu anisamehe,
nikawaambia wateja: mwoneni mama huyu.

Sokoni walikuwa wanamwona kivyao.
Mtu akikonda hapa kwetu, maneno hunenepa.

Wiki ya tisa alikuja kuchukua vidonge vya sukari.
Aliishika kaunta kwa mikono miwili.
Asubuhi ilikuwa ya baridi, naye anatoka jasho.
Nikamtoboa kidole: tatu nukta moja.
Nikamkalisha juu ya kreti ya soda,
nikakoroga glukosi, mkono wangu nao hautulii,
na alipokuwa akinywa nikafungua simu yake.

Jumatatu: chai.
Jumanne: chai, ugali nusu ngumi.
Jumatano: chai.
Na kila siku, nyota.

Alikuwa ameniandikia yote.
Hakuficha hata mstari.
Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kilo peke yake.

"Wajukuu waliletwa," akasema, "watatu, tangu Machi.
Mama yao yuko Saudia, pesa haijaanza kuja.
Sufuria ni ile ile.
Nikaona, maadamu simu yenyewe yasema nipunguze..."
Hakumaliza. Akakomba kikombe kwa kidole.

Nikatafuta kwenye programu mahali pa kuliandika hilo.
Kuna kisanduku cha ujauzito,
kuna cha mtu asiyekula nyama,
kuna cha karanga zinazovimbisha midomo.
Kisanduku cha sufuria hakuna.

Nikamwandikia daktari wa hospitali, kwa kalamu, aitazame upya dozi.
Nikampigia mhudumu wa afya wa kijiji chao, Ongachi,
anayejua ni nani bado ana mahindi ya kukopesha.
Nyota nikazizima;
ilinichukua nusu saa kujua pa kubonyeza.

Siku hizi, ikifika saa moja, ninampigia mwenyewe.
Swali ni lile lile, sijabadilisha neno:
Umekula nini leo?
Hunyamaza kidogo. Nasikia vijiko,
nasikia watoto wakigombania ukoko.
Kisha hunijibu, na jibu nalisubiri hadi mwisho.

Jana akaongeza:
na wewe, daktari?

Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, sijala kitu.
Nikamwambia, samaki.