Kumi na Saba kwa Arobaini

Godelieve hununua mafuvu
kila pensheni ikiingia:
fuvu lenye miwani, fuvu linalopiga mswaki,
17/40 kwa penseli, pembeni.

"Nakala arobaini tu," aniambia,
amevaa glavu nyeupe kama za wodini
alikowafumba watu macho miaka thelathini.
"Kisha bamba la shaba huchanjwa msalaba,
lisizae tena."

Huzilaza kwenye droo, mbali na jua la Gent
ambalo lenyewe haba.

Jana tulikwenda kwa mjane wa Joost.
Ya kumi na nane imetundikwa juu ya jiko,
inakunywa mvuke wa supu, wino unachujuka,
taya limeshaanza kuondoka.
Nikadhani atakemea.
Akavua miwani, akasogea.
"Hii," akasema, "ndiyo iliyotimia."