Siku ya Ishirini na Tisa

Shekue amekaa mezani na soksi mikononi.
Glovu za pamba alizoagiza hazijafika,
na soksi za shule za Zuwena, kasoma lebo, ni pamba tupu.

Sarafu tano za fedha, toleo jipya.
Alizipangia foleni Dar tangu alfajiri,
akarudi nazo Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
amezipakata njia nzima kama mayai ya bata.
Nne zimo kwenye maboksi yao, utepe haujakatwa.
Ya tano iko ndani ya soksi.

Fomu najaza mimi.
Mwandiko wake unatetemeka; miaka kumi na tisa
ya mashine ya kusaga mawe kule kiwanda cha saruji.
Jina la mtumaji. Idadi. Thamani.
"Thamani ipi?" namuuliza. "Iliyoandikwa juu yake,
uliyolipa, au unayoiota?"
"Ninayoiota," asema.
Kisha: "Hapana. Andika ya kwenye risiti."

Chini kabisa kuna kisanduku kidogo:
Toleo la Awali. Tia tiki, ongeza malipo.
Mhuri wa posta uwahi siku thelathini,
na boksi lisiwe limefunguliwa.
Siku ya thelathini na moja sarafu ni ile ile,
twiga yule yule na shingo yake,
ila ni bwana harusi aliyefika ubwabwa umekwisha:
ni bwana harusi, lakini.
Na ipi iligongwa kwanza, nani ajuaye?
Huko zilikotengenezwa zilimwagika ndoo moja.

Zuwena ana miaka minne.
Jumapili alikata utepe kwa meno,
akaenda na sarafu kununua barafu ya ubuyu.
Bi Mwanamvua akaigeuza, akaiinua juani:
"Hii si hela, mwanangu. Mrudishie baba."
Ikarudi na dole gumba la siagi shingoni mwa twiga.

Shekue hakufoka. Afadhali angefoka.
Aliiangalia kwa lenzi mpaka adhana ya magharibi.
"Ukiifuta, unaikwaruza," akasema.
"Ukiiacha, inaingia."

Bibi yangu alikuwa na hela hasa,
ya Mjerumani, yenye tundu katikati,
kaitunga uzi mweusi, kaifunga kiunoni mwa mama
alipokuwa mchanga na degedege.
Ilisuguliwa na vidole vya watu watatu
hata mwaka wake haukusomeka, wala taji.
Ingefika kwa wale wapimaji wa ng'ambo
wenye taa nyeupe na mizani ya hadi sabini,
wangeipa ngapi? Nilitaka kumuuliza.
Nikatia tiki, nikafunga bahasha.

Posta, karani alipima kifurushi:
"Ndani mna nini?"
"Hela."
"Hela hazitumwi hivi, mama."
"Hizi hazitumiki."
Akanitazama, akamtazama Shekue,
ambaye soksi moja alikuwa bado ameivaa,
akachovya mhuri, akaugonga: pah!
Ya ishirini na tisa, wino mbichi.
Shekue akapuliza ile tarehe ikauke
kama anavyompulizia mtoto uji.

Zitarudi, asema, miezi mitatu, labda minne,
kila moja ndani ya plastiki isiyofunguka,
na karatasi ya kusema iliwahi.
Hakuna jasho litakalozifikia tena,
wala hazitanunua hata muhogo wa mia.

Jioni ile majirani walikuja kucheza drafti.
Vifuniko vya soda vilipungua kimoja.
Shekue aliingia ndani, akakawia,
akatoka na ya tano, mikono mitupu,
akaiweka ubaoni, dole likiwa juu.

Mbwana Sechonge akaila kwa hatua ya tatu,
akaitia mfukoni pamoja na vifuniko vingine.
Tukamfuata mpaka kona, tunacheka, tunamkaba.